Shangazi Skola na Mashimo ya Saza

Juzi nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, hapa Vwawa, nikakanyaga kivumbasi kilichojiotea kando ya ukuta. Harufu yake ikanipanda puani, kali na tamu kwa pamoja, nikasimama na shuka la mtoto mkononi kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Mume wangu akaniuliza kutoka dirishani kama nimeumwa na kitu. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka Shangazi. Hakuuliza shangazi yupi. Ninao watatu, lakini nikisema Shangazi bila kuongeza jina, kila mtu nyumbani kwangu anajua namsema Skola.

Wewe uliyekulia huku juu Mbozi, kwenye kahawa na ukungu, unajua tulivyolelewa kuhusu mbu. Alikuwepo, ndiyo, mmoja mmoja wakati wa mvua, lakini baridi ilimnyima raha. Homa ilikuwa mambo ya bondeni. Mtu akishuka kununua mpunga au kutafuta dhahabu, akarudi anatetemeka chini ya mablanketi, watu wazima walitikisa kichwa na kusema bonde limemshika. Mimi niliamini hivyo hivyo. Nilidhani bonde lina mikono, na kwamba mtu mwenye akili hulipita upande wa mbali.

Kwa hiyo siku baba aliposema nitashuka Saza kukaa na dada yake msimu wote wa mvua, mama aliacha kupepeta maharage. Nilikuwa bado sijaanza shule. Shangazi Skola alikuwa mjamzito, hana mtoto wa kumtuma hata kiberiti, na alikuwa ameomba mtoto wa kike wa kukaa naye. Mama alimpenda sana wifi yake huyo, hakuweza kukataa. Alinikunjia chandarua kipya, akakilaza juu kabisa ya nguo zangu, akaniambia nikikuta watu wanalala bila chandarua nikatae kulala. Hivyo ndivyo nilivyotumwa bondeni, na amri ya kuwagomea wakubwa.

Tulikwenda kwa basi hadi Mbalizi, tukapanda gari la kushuka bondeni, na kutoka Galula tulikaa watatu kwenye pikipiki, mimi nimebanwa katikati ya dereva na baba. Kila tuliposhuka nilivua nguo moja. Niliondoka nyumbani na sweta mbili na kofia ya sufu, nikafika Saza na gauni peke yake, nguo nyingine zote nimezikumbatia. Shangazi aliponiona alicheka hadi akashika nguzo ya kibanda. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mwanya mpana, na alikuwa na tabia ya kuanza kucheka kabla mzaha wake mwenyewe haujafika mwisho, kwa hiyo mizaha yake mingi hatukuwahi kuisikia yote.

Saza ya wakati ule ilinitisha kwa kelele. Makarasha yalisaga mawe mchana kutwa, na vumbi lake lilikaa juu ya kila kitu, hata juu ya maji ya kunywa ukichelewa kufunika. Na mashimo. Yalikuwa kila mahali, mengine ya kina kirefu yenye ngazi za miti, ambayo wachimbaji waliyaita maduara, mengine mafupi ya mtu aliyejaribu bahati yake akakata tamaa mapema. Mvua ilipoanza, yale yaliyoachwa yalijaa maji. Maji yenyewe yalikuwa safi, yanaonyesha mbingu, na mimi niliyaona mazuri sana.

Shangazi alikuwa mama lishe. Kibanda chake cha mabati kilikuwa pembeni ya machimbo, na makande yake yalisifiwa hadi Mkwajuni. Wanawake wenzake pale waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Furaha, Mama Joni. Yeye aliitwa Mama Makande. Mumewe, Anko Lameki, alikuwa mchimbaji, mtu wa maneno machache, aliyekula ameinama kama anayesoma kitu ndani ya sahani. Nyuma kabisa ya kibanda, hatua chache kutoka kwenye mafiga, kulikuwa na shimo pana ambalo alilichimba yeye mwenyewe kwa misimu kadhaa, mpaka maji yakamfukuza. Siku hizo alikuwa anachimba kwenye duara la mtu mwingine, lakini kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipita kwanza kulitazama lile la kwake. Alikuwa na uhakika kwamba mshipa wa dhahabu ulipita chini yake, na kwamba kiangazi kikija atarudi.

Pembeni ya nyumba yao kulikuwa na vituta viwili vidogo vilivyozungushiwa mawe meupe. Mimi nilidhani ni bustani iliyogoma kuota. Nikaanza kuimwagilia kila jioni kwa kopo, nikitegemea maua. Shangazi alinikuta siku moja, akasimama akinitazama, nami nikajua kwa uso wake kwamba nimekosea mahali. Lakini hakunikataza. Aliniambia hao ni kaka zangu wawili, walikuja kabla yangu wakaondoka mapema, na kwamba niendelee kumwagilia, hawatakasirika. Nikaendelea. Ilinichukua muda mrefu, nilikuwa tayari msichana mkubwa, kuelewa kitu alichonifanyia siku ile, kuniacha nimwagilie makaburi ya watoto wake badala ya kuniaibisha.

Kwa hiyo mimba ile ilikuwa ya tatu, na hakuna aliyeitaja kwa sauti. Majirani walimtupia macho tumboni kisha wakamwuliza habari za biashara. Yeye peke yake ndiye aliyeisema wazi. Nilikwenda naye zahanati, nikamwona akimeza vidonge mbele ya nesi na kikombe cha maji, kisha nesi akamkalisha na kumweleza mambo ambayo Shangazi aliyarudia njiani kwa sauti, kama mtu anayekariri wimbo asiusahau. Kwamba malaria ya mjamzito ni ya kijanja, mama anaweza kuwa nayo asitetemeke hata kidogo. Kwamba inajificha kwenye kondo la nyuma na kula chakula cha mtoto humo humo. Kwamba mbu humjua mjamzito kwa joto lake na pumzi yake, akamfuata yeye akaacha wengine. Kwamba chandarua kinamlinda akiwa kitandani, vidonge vinamlinda tumboni, lakini saa za jioni anazokaa nje akipakua chakula ni juu yake mwenyewe.

Na jioni ndiyo ilikuwa saa ya biashara. Wachimbaji walitoka chini ya ardhi na njaa, wakajaza mabenchi, na mimi nilizoea sauti moja iliyokuwa ikienda pamoja na vijiko, sauti ya makofi. Kila mtu alikuwa anajipiga miguuni huku anakula. Shangazi aliitazama ile tabia kwa siku kadhaa, halafu akagundua kitu: hakuna aliyejipiga kichwani. Wote walijipiga kuanzia goti kwenda chini. Jioni iliyofuata alivaa gumbuti za Anko Lameki, zile za kuchimbia, akapakulia watu makande na tumbo lake mbele na gumbuti zinapiga pwacha pwacha kwenye tope. Watu walicheka mpaka wakapaliwa. Wakamwuliza anaingia duarani zamu ya ngapi. Yeye akawajibu anaingia zamu ya sasa hivi, wamwachie nafasi. Kisha akafunga mafungu ya kivumbasi kwenye nguzo zote za kibanda, akatia mengine kwenye makaa, na tangu siku hiyo makande ya Shangazi yalikuwa na harufu ile niliyoikanyaga juzi.

Lakini makofi hayakuisha. Ndipo akaanza mambo ya bakuli.

Lilikuwa bakuli jeupe la bati, lenye ua jekundu limechubuka chini. Baada ya kupika mchana alilichukua, akanishika mkono, tukaenda kwenye mashimo. Alichuchumaa pembeni kwa shida, kivuli chake kisiangukie maji, akachota taratibu, akaliinamia bakuli na kutazama kwa muda mrefu. Mashimo mengine alimwaga haraka na kuondoka. Mengine alichota tena na tena, akiguna. Mimi nilichungulia nikaona vitu vyembamba, vya rangi ya udongo, vimelala sambamba juu ya maji kama vipande vya nyuzi. Ukitikisa bakuli vilishtuka na kurudi nyuma kwa mkia.

Nilimwuliza ni nini. Akasema ni watoto wa mbu, bado wachanga.

Sikumwamini hata kidogo, na naomba usinicheke, maana nilikuwa na sababu. Wachimbaji wa pale walizungumza habari za dhahabu kama watu wanaomtafuta ng'ombe aliyepotea. Imehama. Imelala. Juzi ilipita hapa. Imemkimbia fulani kwa sababu aligombana na mkewe. Nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba dhahabu ni kitu kilicho hai. Pia nilikuwa nimegundua kwamba pale Saza aliyepata husema hajapata. Sasa hapa kuna mtu mzima, anazunguka mashimo ya dhahabu na bakuli, anachota, anatazama, anaguna, halafu anasema ni mbu. Nikaunganisha. Dhahabu inazaliwa majini, ikiwa changa ni ya kahawia na ina mkia, ikikomaa ndiyo inang'aa. Shangazi ameigundua kabla ya wote. Nilitembea nyuma yake nimenyanyua kidevu kwa majivuno.

Kumbe mawazo yangu ndiyo yalikuwa mawazo ya machimbo mazima, ukiondoa mkia.

Wa kwanza kuuliza alikuwa mtu waliyemwita Kwacha. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Tunduma, aliyewahi kubadilisha fedha mpakani, akashuka Saza na pampu ya dizeli ya kunyonya maji ya maduara. Alisalimia watu wote kwa Kibemba, mulishani, hata wasiojua kuitikia, na jeketi lake la ngozi hakulivua hata jua likiwa kali. Alimfuata Shangazi pembeni ya shimo moja, akamwuliza kwa sauti ya chini ya mtu anayetaka siri, anatafuta nini humo.

"Viluwiluwi vya mbu," akasema Shangazi.

Kwacha alimtazama, akanitazama mimi, akatabasamu. Akasema sawa mama, sawa, akaenda zake. Jioni ile ile pampu yake ilikuwa inanguruma kwenye shimo lile, na asubuhi lilikuwa kavu, watu watano wamo ndani wanachimba.

Tangu hapo hatukutembea tena peke yetu. Tulikuwa na wafuasi, wanajifanya wanatafuta kuni au wanafunga kamba za viatu. Aliposimama muda mrefu walinong'ona. Alipoguna waliweka alama ya kijiti. Na kila aliyemwuliza alimpa jibu lile lile, kwa utulivu ule ule, tena mmoja alimwonyesha bakuli lenyewe: hawa hapa, wa malaria hulala hivi, bapa juu ya maji, wale wengine huning'inia kichwa chini. Kijana yule alitikisa kichwa kwa heshima na kuwaambia wenzake kwamba Mama Makande ni mgumu, hatoi siri. Jamani, ukweli ulikuwa ndani ya bakuli unacheza, na hakuna aliyeutaka.

Pampu ya Kwacha ikafuata nyayo zetu. Shimo baada ya shimo likakaushwa. Shangazi alirudi kibandani siku moja, akaketi juu ya gunia la mahindi, akacheka akishika tumbo kwa mikono miwili asije akamwamsha aliyemo. Anko Lameki hakucheka. Alimwambia watu wale wakichoka kukosa watamgeukia yeye. Shangazi akajifuta machozi akasema amewaambia ukweli kila siku, sasa afanye nini zaidi, awaandikie ukutani? Lakini nilimwona baadaye akitazama upande wa machimbo bila kucheka.

Na makofi yakapungua. Mimi ndiye niliyelitambua hilo, kwa sababu masikio ya mtoto husikia kitu kikikosekana. Jioni moja watu walikula na vijiko vikasikika peke yake.

Wakati huo mimi bado nilikuwa nasubiri dhahabu ikomae. Nilimsumbua Shangazi kila siku, lini watang'aa, lini, mpaka akachukua chupa ya jamu, akaweka maji ya shimoni na viluwiluwi vichache, akafunga mdomo wake kwa kipande cha chandarua chakavu na kuiweka dirishani. Nililala na kuamka nayo. Vile vinyuzi vikajikunja kama alama ya mkato, vikatulia. Kisha asubuhi moja nilikuta kimoja kimepasuka mgongoni, na juu ya maji amesimama mbu, miguu mirefu, anakausha mabawa. Alipoparamia ukuta wa chupa alisimama kichwa chini, mkia juu, kama mtu anayesujudu. Nililia. Nililia kwa uchungu wa tajiri aliyefilisika, na Shangazi alinichukua akanikalisha kwenye kiasi cha paja kilichobaki mbele ya tumbo lake.

Hakunibembeleza kwa uongo. Aliniambia nimtazame vizuri yule mbu, kwa kuwa ni kiumbe hodari. Yule anayeuma ni jike peke yake. Dume hana habari na watu, anakunywa maji matamu ya maua hadi anakufa. Jike naye hakosi chakula, maua yanamtosha, ila akishapata mayai damu ndiyo itakayoyakuza. Akishashiba anakuwa mzito hawezi kuruka mbali, anakaa ukutani kupumzika, halafu anarudi majini kutaga. Hana ubaya na mtu. Ugonjwa wenyewe anaupata kwetu, kwa mgonjwa aliyemng'ata jana, anaupeleka kwa mwingine bila kujua.

"Yule naye ni mama," akasema. "Anatafutia wanawe. Na mimi natafutia wangu. Hapo ndipo tunapogombana."

Nimewahi kuwasikia watu wengi wakisema juu ya mbu, na mimi mwenyewe nimesema mengi nikiwa na kandambili mkononi. Sijamsikia mwingine aliyemsema kwa heshima namna ile huku akijiandaa kumwangamiza. Alimchunguza adui yake kama mtu anayemchunguza mshindani sokoni, anauza nini, anafungua saa ngapi, anapitia wapi. Mpaka leo nikikutana na shida ngumu najaribu kuitazama kwa macho yale, na mara nyingi nashindwa.

Halafu mvua kubwa zikaja. Mashimo yote yaliyokaushwa yakajaa tena, tena yakiwa yamepanuliwa na wachimbaji. Na makofi yakarudi, mengi kuliko mwanzo. Tumbo la Shangazi lilikuwa limeshuka na miguu imevimba hata gumbuti zinaingia kwa kusukumwa. Kutembea na bakuli alikuwa hawezi tena zaidi ya shimo moja, lile la mumewe nyuma ya mafiga, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Nilichota mimi, yeye ameketi kwenye kigoda. Bakuli lilijaa viluwiluwi hadi ua jekundu halionekani. Aliutazama mkono wangu uliokuwa unalishika, akasema nimwage.

Alijua dawa yake. Shimo linafukiwa, basi. Lakini pale Saza shimo la mtu halikufukiwa. Ilikuwa mwiko. Walisema mwenye shimo ameacha jasho lake ndani, na anayelifukia amemfunga bahati yake, hataona tena kitu hata akichimba wapi. Lilifukiwa shimo la aina moja tu, lile lililomwangukia mtu wakashindwa kumtoa. Hilo walilijaza, wakasali, wakaondoka. Kwa hiyo kumwambia Anko Lameki afukie shimo lake ilikuwa kumwambia aachane na kila alichokitumainia, tena ajizike akiwa mzima. Shangazi hakumwambia. Alijua tumaini lile lilivyomwamsha asubuhi, na alimpenda. Nilimwona akilitazama shimo, kisha akimtazama yeye, kisha akiendelea kupakua.

Kwacha alikuja wakati wa chakula cha mchana, kibanda kimejaa. Safari hii hakusema mulishani. Alikuwa amejifunika jeketi lake hadi kidevuni na meno yake yanagongana katikati ya joto lile, na nyuma yake walikuwa watu waliochimba mashimo yale bila kupata hata chembe. Alisema ametumia dizeli yake yote kwa ajili ya bakuli la mwanamke. Alisema kama ni mzaha, basi aliyefanya mzaha ahamishe sufuria zake, machimbo hayana nafasi ya watu wa kuvuruga riziki za wenzao. Watu waliacha kula. Shangazi akafunika sufuria, akapangusa mikono.

"Nilikuambia natafuta nini," akasema. "Uliniuliza nikakujibu. Sasa unatetemeka, na bado hutaki kuniamini?"

Akanituma bakuli. Nikachota nyuma ya kibanda, nikalileta nimelishika kwa mikono miwili, nikaliweka mezani mbele ya Kwacha. Wachimbaji wakainama juu yake, vichwa vimegusana. Shangazi aliwaeleza yote, ya kondo la nyuma, ya vidonge, ya mbu wa jioni anayeanzia miguuni, na jinsi makofi yalivyopungua wakati ule pampu ilipokuwa inafanya kazi. Hakupandisha sauti. Mmoja wao akakumbuka kweli, ilikuwepo wiki waliyokula vizuri. Kwacha alilitazama bakuli kwa muda, jasho linamtoka. Kisha akauliza maji hayo yametoka shimo gani.

Wote walijua, maana nilikuwa nimetokea nyuma ya mafiga. Kwacha akacheka kicheko kikavu, akasema hilo si la mumewe? Mbona hajalifukia yeye kwanza, hadi mkewe asumbue ya watu? Mzee mmoja wa machimbo akaingilia kwa upole, akasema tusigombane, wote tunajua shimo halifukiwi ila likiwa na mtu ndani.

Anko Lameki alikuwa kwenye benchi la mwisho. Aliweka kijiko chini. Aliinuka, akapita kati ya watu, akachukua koleo lililokuwa limeegemea ukuta, akatoka nyuma. Tulimfuata. Alisimama kwenye ukingo wa shimo lake, pale alipokuwa akisimama kila asubuhi, na rundo la udongo alioutoa mwenyewe kwa misimu yote ile likiwa kando yake.

"Hili lina watu," akasema. "Wanangu wawili."

Akasukuma koleo la kwanza. Udongo uligonga maji kwa sauti nzito. Shangazi aliziba mdomo kwa ncha ya kanga na hakumkaribia, akamwacha afanye kazi yake. Kisha yule mzee akavua kofia, na mtu mmoja akaleta toroli la mawe ya kutupwa, na mwingine jembe. Kwacha alijaribu kuinua jiwe akashindwa kwa homa, wakamkalisha kwenye kigoda cha Shangazi, na Shangazi akaagiza pikipiki impeleke zahanati kabla hajaanguka. Watu waliporudi nyumbani jioni, shimo lile lilikuwa uwanja. Siku zilizofuata walifukia mengine yaliyoachwa, wakianza na yaliyo karibu na makazi, kila moja likitangulizwa na sala fupi, maana kila mtu pale, akitafuta vizuri, alikuwa na marehemu wake wa kumtaja.

Sitasema kwamba mbu waliisha Saza. Lakini tulikula jioni kwa kimya kizuri, na Shangazi akaendelea na vidonge vyake, chandarua chake na gumbuti zake hadi mwisho.

Uchungu ulimshika asubuhi, anachambua mahindi. Alifunika chakula, akampa jirani maagizo ya chumvi, ndipo akasema twende. Mimi na Anko Lameki tulikaa nje ya zahanati kwenye benchi la simenti. Yeye alikuwa ametolewa chini ya ardhi, tope limemkaukia hadi kwenye nyusi. Aliiweka mikono yake juu ya magoti, viganja vikitazama juu, akaitazama tu. Mimi nilidhani inamuuma.

Nesi alitoka na kitu kimefungwa kwenye kanga. Akasema mama mzima, mtoto wa kike, akamnyooshea. Anko Lameki alimpokea kwa namna ya ajabu, mikono imekaa juu mno, kama mtu anayepokea kikapu kitupu. Waliowashika watoto wake kabla ya hapo waliniambia baadaye kwamba wale wawili hawakuwa na uzito wowote, ulikuwa unajua umewabeba kwa kuwatazama. Mikono yake ilikuwa imezoea hivyo. Mtoto alipotua, mikono ikashuka ghafla, hadi kifuani, hadi tumboni, nesi akaruka kumsaidia. Lakini alikuwa ameshamdaka. Akamvuta kwake, akampima tena polepole, juu, chini, kama haamini.

"Mzito," akasema.

Kisha akakaa chini sakafuni na tope lake lote, amemkumbatia binti yake, akalia mbele yetu bila kujificha.